Pale Pale, Mwaka Mzima: Kupiga Picha Mimea ya Prairi Majira kwa Majira

Mtu anayefika kwenye prairi ya Illinois, Marekani, kwa mara ya kwanza mwezi Aprili huondoka na masikitiko. Ameambiwa kuna maua. Anakuta ardhi nyeusi iliyochomwa moto, mabua ya mwaka jana yamelala, na upepo unaomtoa machozi. Anapiga picha mbili tatu, anarudi kwenye gari. Mtu huyo huyo akipita Agosti atakuta nyasi zimempita kimo na maua ya njano yakining'inia juu ya kofia yake, wala hatatambua kwamba amesimama pale pale.

Mwongozo huu ni wa kukusaidia upige picha zitakazomfanya atambue. Nimekuwa nikipiga mimea ya prairi kusini-magharibi mwa Chicago kwa miaka saba sasa, na jambo kubwa nililojifunza halihusu kamera. Prairi haipigwi picha kwa kuzunguka huku na kule. Hupigwa kwa kurudi.

Prairi ni uwanda wa nyasi wa katikati ya Amerika Kaskazini. Upande wa magharibi, karibu na Milima ya Rocky, mvua ni haba na nyasi ni fupi. Kadiri unavyoelekea mashariki, kupitia Kansas na Iowa hadi Illinois, mvua huongezeka na nyasi hurefuka hadi kumfunika mtu. Hii ya mashariki ndiyo ninayoizungumzia. Illinois peke yake ilikuwa na takriban ekari milioni 22 za prairi. Mwaka 1837 mhunzi John Deere, katika kijiji cha Grand Detour, alitengeneza plau ya feleji ambayo udongo ule mweusi unaonata haukuweza kuigandia, na ardhi karibu yote ikageuka mashamba, ambayo leo ni ya mahindi na soya. Vipande vilivyobaki na mimea yake ya asili kamili, jumla yake haifiki ekari 3,000. Vingi viko kando ya reli na kwenye makaburi ya zamani ya walowezi, mahali ambapo plau haikupita. Maeneo mengine makubwa unayoyaona leo yamepandwa upya kwa mikono ya watu, mbegu kwa mbegu.

Hatua ya kwanza: chagua mahali pa kurudi

Usitafute mahali pazuri kuliko pote. Tafuta palipo karibu. Utakwenda huko mara ishirini na zaidi kwa mwaka, mara nyingine kabla ya kazi, mara nyingine katika baridi inayouma masikio. Pakiwa mwendo wa saa mbili, utaacha kabla ya maua ya kwanza kuisha.

Mimi nakwenda Midewin, karibu na Joliet, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1996 kwenye ardhi iliyokuwa kiwanda cha silaha cha jeshi. Tangu 2015 kuna nyati wa Kimarekani ndani ya uzio wao. Kaskazini-magharibi mwa Illinois ipo Nachusa Grasslands. Kwa wale wa Des Moines, Iowa, ambako ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi wamejenga maisha, hifadhi ya Neal Smith huko Prairie City si mbali. Madison, Wisconsin, wana Curtis Prairie, iliyopandwa upya kuanzia miaka ya 1930 na ambayo ni miongoni mwa za kwanza kabisa kurudishwa namna hiyo. Kansas wana vilima vya Flint Hills, ambako mawe ya chokaa yaliyo karibu na uso wa ardhi yaliizuia plau, na ndiko kulikobaki eneo kubwa kuliko yote la nyasi ndefu.

Siku ya kwanza tembea bila kutoa kamera. Kisha chagua kipande kisichozidi uwanja wa mpira, chenye mteremko ikiwezekana. Juu pakavu hapaoti mimea ya chini panyevu, kwa hiyo mteremko mmoja unakupa aina nyingi bila kuongeza mwendo.

Ndani ya kipande hicho weka pointi yako ya kudumu. Tafuta alama isiyohama: jiwe kubwa, nguzo, mti wa mwaloni kwa mbali. Simama kwenye njia, weka stendi, panga alama hiyo ikae mahali maalumu kwenye fremu, tuseme theluthi ya kulia. Andika urefu wa stendi, lenzi uliyotumia (mimi natumia milimita 35) na uelekeo. Hifadhi picha hiyo kwenye simu, na kila safari, kabla ya kuinamia ua lolote, rudia picha ile ile ukiilinganisha na ya kwanza. Inachukua dakika tano. Mwaka wangu wa kwanza sikufanya hivi, na nina mamia ya maua mazuri ambayo hayana kwao.

Hatua ya pili: vifaa, kwa kifupi

Simu ya kawaida inatosha kuanza, hasa kwa picha ya kudumu na kwa maua yaliyo karibu. Ukiwa na kamera, lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) ya milimita 90 hadi 105 ndiyo itakayofanya kazi kuliko zote. Lenzi ndefu, kama 70–300, inafaa kwa nyasi na kwa maua yaliyo ndani usikoruhusiwa kukanyaga. Stendi iwe ile ambayo miguu yake inaweza kulala karibu na ardhi kabisa.

Vitu vidogo ndivyo vinavyoamua siku: kipande cha turubai na kitenge kuukuu cha kulalia, kitambaa cheupe chepesi cha kuzuia jua kali lisilipige ua, kamba laini, daftari na penseli, kwa sababu kalamu ya wino inagoma kwenye baridi.

Hatua ya tatu: jifunze saa za jua

Hili ni gumu kwetu tuliotoka karibu na Ikweta. Nyumbani jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili, leo, kesho na mwakani. Hapa linahama. Mwishoni mwa Juni, Chicago, linachomoza saa kumi na moja na robo alfajiri na kuzama saa mbili na nusu usiku. Mwishoni mwa Desemba linachomoza saa moja na robo asubuhi na kuzama saa kumi na dakika ishirini. Anayetaka mwanga laini wa Juni lazima awe ameshafika saa kumi na moja kamili, umande ukiwa bado umeshika majani.

Faida iko upande wa baridi. Jua la Desemba halipandi. Hata saa sita mchana linakaa chini upande wa kusini, kama jua la saa kumi na nusu kwetu. Unaweza kupiga siku nzima na kila bua likawa na kivuli kirefu na ubavu wenye mwanga.

Mara nyingi weka jua mbele yako, nyuma ya mmea. Mimea ya prairi ina vinyweleo, manyoya, hariri na ndevu, vitu vyote vinavyowaka vikipigwa na mwanga kutoka nyuma. Ua lililopigwa jua kutoka mgongoni mwako ni rangi tu. Mawingu mepesi pia ni rafiki, hasa kwa maua meupe na ya njano, ambayo jua kali huyaunguza kwenye picha yakabaki doa.

Hatua ya nne: upepo na vurugu

Prairi haina ukuta. Upepo unatoka Nebraska bila kuzuiwa na chochote, na shina la mita mbili lenye ua juu yake halitulii. Una njia tatu. Ya kwanza ni kuwahi alfajiri, kwa kuwa upepo mara nyingi hulala usiku na kuamka saa mbili tatu baada ya jua. Ya pili ni kasi: usishuke chini ya 1/500 ya sekunde kwa ua la karibu, na usiogope kupandisha ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) hadi 1600, chenga kidogo kwenye picha zinasameheka, picha iliyocheza haisameheki. Ya tatu ni kuukubali. Weka kamera kwenye stendi, punguza kasi hadi robo ya sekunde, na uziache nyasi ziandike njia ya upepo huku jiwe au ua moja gumu likibaki limetulia.

Tatizo kubwa kuliko upepo ni vurugu. Kwenye picha, prairi ni maelfu ya mabua yanayopishana, na jicho halijui liende wapi. Anza na nyuma ya picha kabla ya ua. Lala chini hadi ua lipande kwenye anga. Sogea nusu hatua kushoto, tazama, nusu hatua nyingine. Tafuta shina lililosimama pembezoni mwa njia, nyuma yake kukiwa na kivuli. Kwa ua moja fungua tundu la lenzi, f/2.8 au f/4, nyuma iyeyuke. Kwa kundi zima la maua funga hadi f/11. Bua linalokatiza mbele livute pembeni kwa kamba laini, ulifungue ukimaliza. Usiling'oe wala kulivunja. Huenda mmea huo umechukua miaka kadhaa kufika hapo.

Hatua ya tano: fuata mwaka

Machi na Aprili: moto, kisha majani ya kwanza. Anza hapa, kwa sababu prairi yenyewe huanzia hapa. Wenyeji wa asili wa nchi hii, Wapotawatomi miongoni mwao, walichoma nyanda hizi kwa karne nyingi, na watunzaji wa hifadhi huchoma hadi leo, kwa vikosi vilivyofunzwa na kwa siku zilizopimwa upepo. Nyasi za prairi zina chipukizi lake chini ya udongo. Moto unapita juu, unaua miche ya miti, nyasi zinabaki salama. Usiende kwenye moto bila mwaliko. Nenda kesho yake.

Ardhi iliyoungua ni somo zuri la picha kuliko watu wanavyodhani. Kamera ikiona weusi mtupu itajaribu kuufanya kijivu, kwa hiyo punguza mwanga kwa hatua moja kamili ili mkaa ubaki mkaa. Tafuta mashina ya nyasi yaliyobaki kama brashi fupi, magamba ya konokono yaliyogeuka meupe, mawe ambayo hukujua yapo. Rudi baada ya siku kumi. Majani yatakuwa yametoka, kijani kibichi juu ya cheusi, na picha hiyo ukiweka kando ya ile ya Agosti haihitaji maelezo.

Kwenye miinuko mikavu yenye changarawe, Aprili hutoa Anemone patens, ua la zambarau hafifu lisilozidi urefu wa kiganja, limefunikwa vinyweleo vya fedha kuanzia shina hadi mgongo wa petali. Hujifunga jua likijificha. Basi usiende siku ya mawingu. Nenda jua likiwa chini, tandaza turubai, lala kifudifudi, lipige kutoka nyuma ili vinyweleo vile viwe kama taji. Kabla ya kulala, angalia ulipolala. Yana tabia ya kuota kwa makundi, na kiwiko kimoja kinaweza kufuta kundi zima.

Mei: Mwezi wa mimea mifupi, kabla nyasi hazijaifunika. Primula meadia huinamisha maua yake, petali zikiwa zimerudi nyuma kama kanzu iliyopigwa na upepo. Nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, huning'inia chini yake na kutetemesha misuli ya kurukia hadi chavua imwagike. Ukisikia mlio wao ukibadilika ghafla na kuwa mkali, hapo ndipo pa kubonyeza.

Mmea wa kuufuatilia kwa wiki tatu mfululizo ni Geum triflorum. Mwanzoni ni vichwa vitatu vyekundu vimeinama, havivutii sana. Vikishachavushwa hugeuka juu, na nyuzi ndefu za waridi hutokeza kwa wingi hivi kwamba kundi likitazamwa kwa mbali linafanana na moshi uliolala chini. Wenyeji wanauita moshi wa prairi. Moshi huo haudumu majira yote. Upepo na mvua moja nzito vinatosha kuumaliza. Piga kichwa kilichoinama, kichwa kilichosimama, moshi, na shina tupu, vyote kwa umbali na upande mmoja. Picha nne za mmea huu zinasema zaidi ya mandhari arobaini.

Juni: Saa ni muhimu kuliko tarehe. Tradescantia ohiensis, wa bluu, hufunga maua yake joto la mchana likipanda. Mtu anayefika saa saba mchana ataapa haupo. Echinacea pallida petali zake hushuka kama zimechoka, na pale Asclepias tuberosa inapochanua chungwa kali utapata vipepeo bila kuwatafuta. Kaa mbali nusu mita, weka fokasi kwenye ua, subiri. Usimkimbize kipepeo.

Julai: Hapa ndipo nataka ukae sana. Silphium laciniatum, ambao Wamarekani wanauita mmea wa dira, una majani makubwa yaliyochanika, yamesimama wima kama mikono iliyonyooshwa, na kingo zake huelekea kaskazini na kusini. Kwa hiyo nyuso za jani hutazama mashariki na magharibi: hupokea jua la asubuhi na la jioni, na kulikwepa kali la mchana. Mpiga picha anaweza kuitumia tabia hii moja kwa moja. Alfajiri simama magharibi mwa mmea, jua likiwa mbele yako nyuma ya jani. Jani zima litawaka kijani, mishipa yote itaonekana, na vinyweleo vigumu vya ukingoni vitakuwa uzi wa dhahabu. Saa sita mchana rudi, simama kusini, na jani lile lile litakuwa mstari mwembamba. Picha hizo mbili, za mmea mmoja kwa siku moja, zinaeleza dira yake vizuri kuliko mchoro.

Mmea huo hufika mita mbili hadi tatu, na mzizi wake huenda chini zaidi ya hapo. Unaweza kuishi miaka mingi kuliko wewe na mimi. Ili kuyafikia maua yake pandisha kamera kwenye stendi ya mguu mmoja, iinue juu ya kichwa, tumia skrini inayokunjika au saa ya kuchelewesha. Jirani yake, Silphium perfoliatum, majani yake yameungana kuzunguka shina na kuwa kikombe. Baada ya mvua piga kutoka juu: utapata anga ndani ya maji, na wakati mwingine mdudu anayekunywa.

Mwishoni mwa mwezi Liatris pycnostachya inasimama kama mishumaa ya zambarau. Mimea mingi yenye maua ya mshumaa huanza kuchanua chini. Huu huanza juu na kushuka. Ukichelewa wiki moja kichwa kitakuwa kahawia na chini bado zambarau, na hiyo ni picha nzuri kwa yule anayejua anachokiona.

Agosti na Septemba: Nyasi zinashika ukumbi. Andropogon gerardii inazidi mita mbili, na shina mara nyingi huishia kwenye matawi matatu ya mbegu, kama mguu wa bata mzinga. Usiipige kwa juu. Ingia njia nyembamba, chuchumaa, elekeza kamera juu, na mtu akiwa kando yake ili kimo kieleweke. Sorghastrum nutans ipige jua likizama, ikiwa kati yako na jua. Hakuna dhahabu inayohitaji kuongezwa kwenye kompyuta. Asubuhi za ukungu wa Septemba tando za buibui hujaa umande kati ya mabua, na zinaonekana kwa saa moja tu.

Chini panyevu tafuta Gentiana andrewsii, bluu iliyokolea, ua ambalo halifunguki kamwe. Nyuki bambi huingia kwa nguvu, akisukuma ncha ya ua kwa kichwa hadi atoweke mzima ndani, na ua hutikisika. Nimekaa mbele ya kundi moja dakika hamsini kumpata akitoka kinyumenyume, na ningerudia.

Oktoba na Novemba: Maua yamekwisha na watu wengi wameweka kamera kabatini. Wamekosea. Schizachyrium scoparium, nyasi fupi ya mahali pakavu, hugeuka rangi ya shaba iliyochanganyika na kutu, na baada ya mvua rangi hiyo huiva zaidi. Nenda mvua ikikatika. Maganda ya Asclepias syriaca hupasuka na kutoa mbegu zenye hariri nyeupe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia watoto wa shule waliikusanya hariri hiyo ijazwe kwenye maboya ya wanajeshi. Ipige jua likiwa nyuma, pembezoni mwa kivuli cheusi, kasi 1/1000, na mvumilie upepo uchague mbegu ya kuondoka. Mahali panaporuhusiwa uwindaji, vaa kizibao cha rangi ya chungwa kali miezi hii.

Desemba hadi Februari: Nilimtumia mjomba wangu wa Makete, Tanzania, picha za Januari. Akapiga simu: "Mbona mmeishiwa hadi mnapiga picha majani makavu?" Nikamwambia, "Mjomba, yatazame tena, kila moja lina umbo lake." Wiki iliyofuata alinitajia mwenyewe: hili kama kijiko, hili kama kengele, hili kama ngumi ya mtoto. Ndivyo ilivyo. Rangi ikiondoka, umbo linabaki peke yake, na theluji inaondoa vurugu yote ya nyuma niliyolalamikia huko juu. Vichwa vya Echinacea vinavaa kofia za theluji, maganda ya Baptisia ni meusi na yanalia kama kayamba ukiyagusa, na kwenye mabua ya Solidago utaona uvimbe wa mviringo, kama gololi kubwa, ambamo buu la inzi linasubiri joto. Uvimbe huo ukiwa na tundu kubwa ubavuni, ndege amefika kabla yako. Vichwa vya Ratibida pinnata ukivisugua vidoleni vinatoa harufu ya anisi ya jikoni kwetu, ile mbegu tamu ya kutia kwenye mandazi. Harufu haipigwi picha, lakini iandike kwenye daftari.

Kwenye theluji kamera hufanya kinyume cha ilivyofanya kwenye mkaa: huona weupe na kuufanya kijivu. Ongeza mwanga kwa hatua moja hadi moja na nusu. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani, kifuani, maana baridi huila haraka. Na kabla ya kuingia ndani ya nyumba yenye joto, ifunge kamera kwenye mfuko wa nailoni ukiwa bado nje, uiache humo hadi ipate joto. Mwaka wangu wa pili sikujua. Unyevu uliingia ndani ya lenzi na fundi alinitoza karibu nusu ya bei ya lenzi hiyo.

Hatua ya sita: kujilinda na kuilinda prairi

Kuanzia Aprili hadi Novemba kuna kupe, na baadhi hubeba ugonjwa wa Lyme. Suruali ndefu, soksi juu ya suruali, na ukifika nyumbani kagua mwili mzima, nyuma ya magoti na shingoni hasa. Juni na Julai jihadhari na Pastinaca sativa, mmea wa kigeni wenye maua madogo ya njano yaliyokaa kama mwavuli: utomvu wake ukigusa ngozi kisha jua likapiga, ngozi inababuka kama imemwagiwa maji ya moto. Usiupitie kwa mikono mitupu ukitafuta pembe nzuri.

Kipande kilicho kando ya reli au shamba kina mwenyewe. Omba ruhusa. Mtu aliyelala kwenye nyasi alfajiri huwatia watu wasiwasi. Ukiona gari la mkulima limepunguza mwendo, inuka, salimia, mwonyeshe picha. Nimeonyeshwa maeneo mawili mapya kwa njia hiyo.

Kuna okidi nyeupe, Platanthera leucophaea, iliyo kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya mimea iliyo hatarini tangu 1989. Ukiiona mwishoni mwa Juni au Julai, piga ukiwa kwenye njia kwa lenzi ndefu, futa taarifa za mahali kwenye picha, na usitangaze ilipo. Sisi tunaotoka Nyanda za Juu Kusini hatuhitaji kuelezwa sana. Tumeona okidi za Kitulo na milima jirani zikichimbwa viazi vyake kwa magunia, kwenda kupikwa chakula kiitwacho chikanda huko Zambia. Programu ya iNaturalist, itakayokusaidia kutambua mimea, yenyewe huficha mahali halisi pa aina zilizo hatarini. Hiyo ni sababu mojawapo ya kuitumia.

Hatua ya saba: panga kila jioni

Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, ipe kila picha jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kisha jina la mmea na hali yake: chipukizi, tumba, ua, mbegu, bua. Andika pia upepo na kama palichomwa mwaka huo, kwa kuwa mimea mingi huchanua kwa wingi zaidi baada ya moto, na mwakani utataka kulinganisha. Usikoleze rangi. Mtazamaji wa picha ya Oktoba asiporidhika na shaba ya kweli, mwonyeshe ya Mei, kisha ya Oktoba tena.

Mwaka ukitimia, chapisha picha zote za pointi yako ya kudumu kwa saizi moja, ndogo tu, uzipange ukutani kuanzia mkaa hadi theluji. Mapengo yataonekana papo hapo. Kwenye mfululizo wangu wa mwaka jana hakuna kitu kati ya Mei 20 na Juni 9, na moshi wa prairi ulikuja na kuondoka ndani ya siku hizo. Mwaka huu tarehe hizo nimezizungushia duara jekundu kwenye kalenda ya jikoni, na nimeshaomba ruhusa kazini.